Kuongoza watu wa mradi ambao wakubwa wao ni wengine: mwongozo kwa mratibu wa Lubumbashi

Saa moja na nusu asubuhi gari la mradi limekwisha kuwashwa uani, mabomba yamefungwa kwa kamba juu ya kerieri, na wakaaji wa mtaa mmoja wa pembezoni mwa Ruashi, manispaa mojawapo ya Lubumbashi, wameambiwa kwamba kazi itaanza saa tatu. Simu inalia. Ni mpimaji wa ardhi, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayesikilizwa: mkuu wa idara ya ufundi alimwita jana jioni, anapelekwa mji wa Kipushi, atarudi kesho. Wewe ni mratibu wa mradi, lakini yeye si mfanyakazi wako. Huwezi kumkataza, na kumlaumu nako ni kumwonea, kwa sababu aliyemwita ndiye anayetia sahihi likizo yake, tathmini yake na barua ya kumpandisha daraja.

Waratibu wengi wa mji huu wanaijua asubuhi ya namna hiyo, kwa kuwa makampuni ya migodi, mashirika ya misaada na ofisi za serikali hupenda kuunda timu ya mradi kwa kuchota mtu mmoja huku na mwingine kule. Henri Fayol, Mfaransa aliyekuwa mhandisi wa migodi, aliandika mwaka 1916 kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Mpangilio wa miradi tunaoufuata leo unaivunja kanuni hiyo kwa makusudi. Ulienea tangu miaka ya 1960, hasa kupitia viwanda vya ndege na vyombo vya anga vya Marekani, ambako kazi moja ilihitaji mafundi wa idara nyingi kwa wakati mmoja. Ugumu unaoupata, basi, haukuja na unyonge wako. Ulikuwemo katika mpangilio kabla hujateuliwa. Muda wa mpimaji yule ni wa kuazima, na kitu cha kuazima huombwa kwa mwenyewe. Hatua zifuatazo zote zinatoka hapo.

Nitatumia mfano wa mradi niliouratibu, wa kujenga vituo vya kuchotea maji mitaani. Timu ilikuwa ya watu watano: mpimaji kutoka idara ya ufundi, mhasibu ambaye mkubwa wake alikaa Kinshasa, mnunuzi wa idara ya vifaa, muuguzi wa usafi aliyetoka ofisi ya zoni ya afya (eneo la huduma za afya la serikali), na dereva wa gereji. Watu watano, wakubwa watano.

Hatua ya 1: Jua mamlaka uliyo nayo kwenye karatasi

Kabla ya kumwita mtu yeyote, isome barua ya kukuteua na utafute majibu ya maswali manne: nani anakubali likizo ya mtu huyo, nani anamfanyia tathmini ya mwaka, nani anaweza kumpa onyo, na nani anaidhinisha matumizi ya fedha za mradi. Mahali ambapo majibu yote ni mkuu wa idara, wewe ni mwombaji na mfuatiliaji, hata kama mlango wa ofisi yako umeandikwa cheo kikubwa. Mahali ambapo fedha ziko mikononi mwako na maoni yako yanaingia kwenye tathmini, una uzito fulani wa kusemea. Ni heri kulijua hilo mapema kuliko kuligundua mbele ya timu.

Jambo la nidhamu halina mjadala. Mkataba wa kazi ni kati ya mtu na mwajiri wake, na mtumishi wa serikali, kama yule muuguzi wa zoni, ana sheria yake, Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 inayohusu watumishi wa kudumu wa umma. Barua ya onyo ikitoka mkononi mwako haitakuwa na nguvu, na itakuharibia kwa mtu huyo na kwa mkubwa wake kwa siku moja.

Hatua ya 2: Nenda kwa mkubwa wake kabla ya kwenda kwake

Hatua hii ndiyo yenye kazi nyingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mratibu hukutana na mpimaji kwenye korido, wanafahamiana, anamwambia «nitakuhitaji mwezi ujao», kijana anakubali kwa furaha, na mkuu wa idara anaisikia habari hiyo kutoka kwa mtu wa tatu. Kuanzia hapo kila ombi litakalopita mezani kwake litachelewa, wala hatakwambia sababu.

Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, ofisini kwake. Barua pepe ifuate baadaye. Chukua ukurasa mmoja wenye mambo haya: kazi gani itafanywa, siku ngapi, majuma gani, tokeo gani litaonekana mwishoni, na idara yake itapata nini. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Idara ya ufundi ilipata kwetu ramani mpya ya viwango vya ardhi vya mitaa mitatu, ambayo isingeweza kuilipia. Mkuu wake aliitaka ramani ile kuliko nilivyoitaka mimi.

Usiombe asilimia. «Ninaomba asilimia 40 ya muda wake» ni maneno ambayo kila mmoja huyapima kwa kibaba chake. Sheria ya kazi ya Kongo, Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka kikomo cha saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Asilimia 40 ya saa 45 ni saa 18, yaani siku mbili kamili. Omba siku hizo mbili kwa majina yake, Jumanne na Alhamisi. Ukisema siku, mkuu wa idara anafungua kalenda yake na kukuonyesha mahali panapobana. Ukisema asilimia, anaitikia kwa kichwa tu, na tatizo linangoja mbele. Mhasibu wetu alikuwa amekwisha kuahidiwa kwa mradi mwingine kwa asilimia 40, na kwetu kwa asilimia 40. Hakuna aliyefanya hesabu kwamba idara yake ilibakiwa na saa 9 kwa juma, siku moja tu, ya kufunga hesabu za ofisi nzima. Yeye aliifanya hesabu hiyo usiku, nyumbani kwake.

Mazungumzo yangu na mkuu wa idara ya ufundi yalikwenda hivi. Nilimwambia: «Papa, nimekuja kwako kabla ya kumsemesha kijana wako. Ninamwomba Jumanne na Alhamisi kwa majuma sita, siku 12 kwa jumla. Siku nyingine ni zako, sitampigia hata simu.» Akaniuliza: «Na pampu zikiharibika Jumanne?» Nikamjibu kwamba anijulishe jioni ya kuamkia siku hiyo, nami nitaisogeza kazi. Akacheka. «Pampu hazijui jioni. Zinaharibika asubuhi.» Alikuwa na haki, na kicheko kile ndicho kilichotufanya tuandike dharura ni nini: maji kukatika kwa wateja wa idara, basi. Ugeni wa mkurugenzi, ripoti iliyochelewa na gari kukosa mtu wa kulisindikiza havikuhesabiwa kuwa dharura. Safari ya Kipushi niliyoitaja mwanzoni ilikuwa ya kusindikiza gari.

Hatua ya 3: Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja

Yaandikwe siku hiyo hiyo au kesho yake, kabla kila mmoja hajaanza kukumbuka kwa namna yake. Yataje siku zilizokubaliwa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi zinazotarajiwa, maana ya dharura, muda wa kutoa taarifa pasipo dharura (sisi tuliweka saa 48), mtu wa kushika nafasi akiwa mgonjwa, na namna maoni ya mratibu yatakavyofika kwenye tathmini ya mwaka. Sahihi mbili zinatosha, pamoja na nakala kwa mhusika. Kuna wakuu wasiopenda kutia sahihi. Kwao, andika barua pepe fupi inayoanza na «kama tulivyokubaliana leo», kisha uihifadhi.

Malipo ya safari yanahitaji aya yake ndani ya ukurasa huo. Watu wa timu moja, wakipanda gari moja na kula chakula kimoja, mara nyingi hulipwa viwango tofauti kwa sababu waajiri wao ni tofauti, na mtu wa zoni ya afya huweza kukuta dereva analipwa zaidi yake. Mweleze kila mmoja kiwango chake kabla ya safari ya kwanza, na umweleze kinatoka kwenye kanuni ipi. Usijaribu kusawazisha kwa bahasha ya pembeni. Bahasha hujulikana siku ya pili, na mkubwa wa yule uliyempa atakuuliza, kwa haki, tangu lini unalipa watu wake.

Hatua ya 4: Sasa zungumza na mtu mwenyewe

Mwambie wazi kwamba mkubwa wake anajua na amekubali, kisha umwonyeshe karatasi. Halafu muulize maswali matatu na umwache aongee: mwaka huu mkubwa wako atakupima kwa kazi gani, ni majuma gani huna nafasi kabisa, na katika kazi hii, ni sehemu gani ungependa kujifunza au kuonekana. Jibu la swali la kwanza litakuonyesha mgongano unakokuja. Mnunuzi wetu alipimwa kwa idadi ya maagizo aliyoyafunga kila mwezi, kwa hiyo agizo letu moja kubwa la mabomba, lililomla majuma mawili, lilimharibia hesabu. Tuliligawa agizo kwa maeneo manne. Kazi haikuongezeka, na namba zake zikakaa sawa.

Hatua ya 5: Kazi moja, jina moja

Mafunzo ya uongozi wa miradi hufundisha jedwali lenye safu nne za watu: anayetenda, anayebeba jukumu, anayeshauriwa na anayearifiwa. Ni chombo kizuri kwa mradi wenye watu 30. Kwa timu ya watu watano, kwa maoni yangu, linakula muda kuliko linavyookoa. Sisi tulibandika ukutani karatasi kubwa yenye kazi, jina na tarehe, tukaongeza safu moja tu: mkubwa ambaye idhini yake inahitajika. Jina la mkuu wa idara likiwa ukutani pamoja na tarehe, yeye naye anakuwa mtu wa mradi, na akipita ofisini kwako atalitazama.

Hatua ya 6: Panga kalenda kwa kazi za wakubwa wote

Weka mbele yako kalenda moja na uandike juu yake majuma ambayo kila idara haipatikani. Idara ya fedha hufunga hesabu mwisho wa kila mwezi, na mwezi wa Desemba mhasibu ni kama hayupo. Usimpangie ziara ya mtaani. Januari huanza kwa kusuasua: tarehe 4 ni sikukuu ya mashahidi wa uhuru, tarehe 16 na 17 ni kumbukumbu za Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba, na siku hizo zikiangukia katikati ya juma, juma lote hulegea. Tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, mji haufanyi kazi, ilhali miradi mingi hudai ripoti ya nusu mwaka siku hiyo hiyo. Omba karatasi za idara kabla ya tarehe 25.

Mvua nayo ina sauti kuliko mkuu yeyote. Lubumbashi hupata mvua tangu Novemba hadi karibu na Aprili, na barabara za udongo mwekundu za mitaa ya nje zinakuwa tope. Kazi ya kuchimba ikipangwa baada ya Oktoba, utawaomba wakuu siku za watu wao mara mbili: mara ya kwanza kwa kazi iliyokwama, mara ya pili kwa kuirudia. Hakuna mkuu anayependa ombi la pili.

Ikiwa mkubwa mmoja yuko Kinshasa, kumbuka kwamba saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mkutano wa saa mbili asubuhi hapa ni wa saa moja kule, na hatakuwepo. Idhini ya malipo anayoituma saa kumi jioni inafika kwetu saa kumi na moja, benki zimekwisha kufungwa, na fundi anayengoja pesa zake atalala bila kulipwa. Tulikubaliana naye kwamba idhini za Alhamisi zitoke kabla ya saa sita mchana ya Kinshasa. Jambo dogo hilo liliondoa nusu ya manung'uniko ya mradi.

Hatua ya 7: Wape wakubwa habari kabla hawajaiuliza

Kila Ijumaa mchana andika mistari mitano kwa kila mkuu: mtu wako alifanya nini, alitumia siku ngapi, kilichobaki ni nini, juma lijalo anahitajika lini, na kuna shida gani. Mistari mitano, si ripoti. Habari mbaya ipelekwe kwa simu au ana kwa ana kabla ya maandishi, na kamwe isisikike kwa mara ya kwanza mkutanoni. Mkuu aliyeaibishwa mbele ya wenzake kwa kosa la mtu wake atamtetea mtu huyo hata akijua amekosa.

Kundi la WhatsApp linafaa kwa kuuliza gari liko wapi. Halifai kwa maamuzi, maana yanazama chini ya picha na salamu, wala halifai kwa kumkaripia mtu.

Hatua ya 8: Amri mbili zikigongana

Zitagongana, hata ukifuata yote yaliyotangulia. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na katika mradi nyasi ni yule mpimaji. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutomwachia yeye achague. Akikupigia simu kusema ameitwa kwingine, mwambie hivi: «Nenda ulikoitwa, mimi nitazungumza na mkubwa wako.» Utapoteza nusu siku, lakini mtu huyo ataendelea kukupigia simu siku zote, badala ya kuizima.

Kisha mpigie mkuu wake siku hiyo hiyo. Usianze na karatasi ya makubaliano kana kwamba uko mahakamani. Anza na kazi, ukiwa na njia mbili mkononi: «Papa, wachimbaji tisa wamekaa bila alama za kuchimbia. Ama unirudishie kijana mchana huu kwa saa tatu, ama unikopeshe mwingine anayejua kutumia kile kipimo cha usawa wa ardhi. Ukichagua lolote kati ya hayo, kesho ninaendelea.» Mara nyingi atachagua, kwa sababu umempa nafasi ya kuamua bila kushindwa. Asubuhi ile ya Ruashi sikujua hayo. Nilituma ujumbe mkali kwa mkurugenzi, nakala kwa watu sita, na mpimaji hakuonekana kwa majuma mawili.

Ikiwa mmeshindwa kuelewana, nendeni kwa mkubwa wenu wa pamoja, lakini nendeni wote wawili. Mwambie mwenzako kwamba utaomba nafasi ya kumwona mkurugenzi na ungependa mfike pamoja, kila mmoja na hoja zake. Kwenda peke yako ni kumshitaki, na wewe bado una majuma manne ya kumwomba watu.

Hatua ya 9: Mtu akifanya kazi ovyo

Huna adhabu, una ukweli wa mambo na muda wa kuuzungumza. Kutana naye faraghani na utaje tendo, tarehe na hasara, bila kugusa tabia yake: «Alama za kituo cha pili zilihitajika Jumanne, zimefika Ijumaa, na wachimbaji walilipwa siku tatu za bure.» Muulize kilichomzuia, kwani mara nyingi utasikia kazi ya idara ambayo hakuna aliyekwambia. Mkubaliane tarehe mpya. Kosa likijirudia, mweleze kwamba sasa utamwarifu mkuu wake, na umwarifu kweli, kwa maneno yale yale uliyomwambia yeye. Mambo ya hongo, wizi au usalama wa watu hayangoji kosa la pili.

Hatua ya 10: Mrudishe kama ulivyompokea

Barua ya shukrani iandikwe wakati kazi ingali mbichi akilini, na ifike mezani kwa mkuu wa idara kabla ya msimu wa tathmini. Itaje kazi yenyewe: mpimaji aliweka alama za vituo 11, na kati ya hivyo hakuna kilichorudiwa. Sentensi kama hiyo inaingia kwenye faili la mtu na kubaki humo, tofauti na «amefanya kazi kwa bidii» ambayo kila faili inayo.

Vifaa navyo virudi. Kipimo cha usawa wa ardhi cha idara ya ufundi kilibaki ndani ya gari letu kwa majuma matatu baada ya kazi kwisha, chini ya turubai, na nilipokwenda kumwomba Papa yule mtu mwingine kwa mradi uliofuata, aliniuliza kwanza kipimo kiko wapi. Siku hizi ninaandika orodha ya vifaa siku ya kwanza, ninaitia sahihi pamoja na mwenye idara, na siku ya mwisho ninafika ofisini kwake nikiwa na mtu wake, vifaa vyake na karatasi ile ile.